Mkurugenzi anataka onyesho lote liwe la Kiingereza, na watoto wanaingia chini ya madawati

Maswali ya walimu walio ughaibuni. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyefundisha Tanga na baadaye Udon Thani, kaskazini mashariki mwa Thailand.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Muheza, nafundisha Kiingereza katika shule ya serikali nje kidogo ya mji wa Khon Kaen, Thailand. Wanafunzi ni kama mia saba, kuanzia chekechea hadi Mathayom 3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari. Idara ya lugha za kigeni tuko watatu na mgeni ni mimi peke yangu, kwa hiyo onyesho la vipaji la Krismasi nimetwishwa mimi. Litafanyika asubuhi ya tarehe 25 Desemba. Mkurugenzi wa shule amesema kila kitu jukwaani kiwe kwa Kiingereza. Nilipouliza darasani nani anataka kuimba, wengi waliinamisha vichwa na wawili wakaingia chini ya dawati. Msichana mmoja wa Mathayom 2, mpole mno, aliniletea picha za matikiti aliyoyachonga maua, akaniuliza kama hicho nacho ni kipaji. Nilishindwa kumjibu, maana sioni Kiingereza kinaingilia wapi. La mwisho, na hili ndilo linaloninyima usingizi: wameshaninunulia nguo nyekundu za Baba Krismasi, na mimi ni Mwislamu, navaa hijabu. Sitaki kuwavunjia heshima. Nianzie wapi?
Mwalimu wa Muheza, Khon Kaen

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na huyo msichana wa matikiti, kwa sababu amekuletea onyesho lako zima mkononi, nawe ukadhani amekuletea swali.

Mtoto anayepata Kiingereza kwa saa chache za juma, ukimpandisha jukwaani aimbe wimbo mzima kwa lugha hiyo mbele ya watu mia saba, umempa kazi mbili ngumu kwa mpigo: aonyeshe kipaji na aonyeshe lugha. Moja itamwangusha, na wenzake watamcheka mpaka mwaka mpya. Zitenganishe. Kipaji kibaki chake, kwa namna anavyokijua. Kiingereza kifanye kazi ya kukitambulisha, kukieleza na kukisifu. Msichana anachonga, wenzake wawili wamesimama pembeni na maikrofoni wanawaeleza watu: kwanza anakata hivi, kisha anazungusha kisu, sasa jani la kwanza la ua limetoka. Sentensi saba au nane fupi, za aina ile ile unayofundisha darasani ukifika kwenye somo la hatua za kufanya jambo. Mkurugenzi atasikia Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyeburutwa kuimba.

Tena kuchonga matunda kwa Wathai si pambo la mezani tu. Ni sanaa inayohusishwa na kasri la mfalme tangu zamani, inafundishwa shuleni, na ina mashindano yake. Tikiti zima halichongwi kwa dakika tatu. Aje nalo limekwisha kuchongwa, liwekwe mezani watu walione, halafu pale jukwaani achonge karoti mpaka ua litokee. Kisu chao ni chembamba na kikali kama wembe, kwa hiyo mwalimu wa kazi za mikono ndiye akae nacho mpaka zamu yake ifike. Watu wa nyuma hawataona kitu, basi mtafute kijana mmoja asimame karibu na simu, picha irushwe kwenye skrini ya ukumbi. Kijana huyo naye mwandike kwenye ratiba kwa jina. Utaona atakavyovaa siku hiyo.

Ukishafungua mlango huo watajitokeza ambao hukuwawazia. Uko Isan, mwanangu, ndiyo hiyo kaskazini mashariki ya Thailand. Uko mahali ambapo watoto wa shule wanapiga ponglang, ile marimba ya magogo inayoning'inizwa kama ngazi, na khaen, kinanda cha mianzi cha kupuliza ambacho upande wa pili wa mto Mekong, huko Laos, kimetambuliwa na UNESCO tangu 2017. Shuleni kwako lazima kuna kikundi, na kama hakipo kipo shule ya jirani. Mpe mtoto mmoja wa kikundi hicho nusu dakika aseme kwa Kiingereza ala yake inaitwaje, imetengenezwa kwa nini, nani alimfundisha. Halafu wapige. Kuna wavulana wanaofanya mazoezi ya muay, ngumi za Kithai. Usiwaache wapigane jukwaani, lakini ile ngoma ya taratibu ambayo bondia huicheza kabla ya pambano kumheshimu mwalimu wake, iitwayo wai khru, inafaa kabisa. Mmoja anacheza, mwenzake anaeleza kila mkao kwa Kiingereza. Wasichana wa Mathayom watakuja na densi za Kikorea wakiwa wamefanya mazoezi tangu Agosti bila kukwambia. Wakubalie. Wewe sikiliza wimbo mzima kwanza, uone mavazi mapema, na uwaombe utambulisho wa sentensi tano. Hao ndio watakaokupa kelele za ukumbi, wapange karibu na mwisho.

Sasa wale wa chini ya dawati. Kosa liko kwenye swali, si kwa watoto. Usiulize mbele ya darasa nani anataka. Mtoto wa Kithai akinyoosha mkono peke yake amejitangaza kuwa bora kuliko wenzake, na hilo hawalipendi. Bandika karatasi mlangoni yenye nafasi za vikundi vya watu wawili hadi sita, iache juma zima, na usiisimamie. Majina yataandikwa wakati wa mapumziko, kwa mwandiko mdogo. Wanaobaki wape kazi: kufungua pazia, kupanga viti, kushika mabango ya namba, kusimamia muziki. Kazi hizo nazo ziwe na Kiingereza chake, kifupi, cha kuambiana wao kwa wao nyuma ya jukwaa. Niliwahi kuwa na kijana aliyekaa kimya darasani muhula mzima, nikampa saa ya kuhesabia dakika na ruhusa ya kumwambia mtu yeyote, hata mwalimu, kwamba muda umekwisha. Alitumia Kiingereza chote alichokuwa nacho siku ile, na cha kuazima.

Chekechea wao hawana haya. Wape wimbo mmoja wenye kupiga makofi na kuonyesha viungo vya mwili, waimbe wote kwa pamoja, na wawe wa kwanza kabisa kwenye ratiba. Chakula cha mchana shuleni huko ni mapema na baada yake wadogo hulala. Ukiwaweka mwisho utapata jukwaa la watoto wanaolia.

Kuhusu matamshi nakupa neno moja tu. Kithai humeza herufi ya mwisho ya neno na hukitenganisha kifungu cha konsonanti mbili za mwanzo kwa kutia irabu katikati, kwa hiyo utasikia "sa-no" pale ulipotarajia "snow", yaani theluji, na R itakuwa L. Sisi tunaopenda kumalizia kila neno kwa irabu tusiwacheke. Chagua maneno mepesi, kiitikio kinachorudiwa, ishara za mikono zinazoenda na maana. Juma la mwisho usisahihishe mtu tena. Anayesahihishwa siku mbili kabla ya onyesho husimama jukwaani akikutazama wewe.

Kalenda. Tarehe 5 Desemba ni sikukuu, tarehe 10 ni siku ya Katiba, shule zimefungwa. Shule nyingi huwa pia na siku za michezo za rangi, kila timu na rangi yake, kipindi hicho hicho, ambapo kila mtoto yuko uwanjani na ngoma na mabango, na mara nyingi mitihani ya katikati ya muhula nayo inagonga mlango. Krismasi yenyewe si sikukuu ya taifa, ndiyo maana onyesho linafanyika siku ya shule. Ukihesabu vizuri utaona huna mwezi, una majuma mawili yenye matundu. Kwa hiyo mazoezi ya kila kikundi yafanyike darasani ndani ya kipindi chako, na ukumbini mkutane mara mbili tu, si kwa ajili ya kuimba, ila kwa ajili ya kuingia na kutoka. Anayeingia anatokea mkono gani, anapokea maikrofoni kutoka kwa nani, anatoka wapi, nani anafuata. Maonyesho ya shule hayaharibiki watu wakiwa jukwaani. Yanaharibika kati ya kikundi na kikundi, pale ambapo watu mia saba wanatazama jukwaa tupu na mwalimu anakimbia akiita jina la mtu.

Vikundi kumi na viwili, dakika tatu kila kimoja, pamoja na hotuba, utambulisho na kupishana jukwaani, ni kama saa moja na robo. Inatosha. Ukiombwa kuongeza cha kumi na tatu, sema kitaingia mwakani.

Hotuba hiyo usiisahau kwenye hesabu. Shughuli rasmi ya shule Thailand ina utaratibu wake. Baada ya bendera kupandishwa saa mbili asubuhi na watoto kuingia ukumbini, mwalimu mmoja husoma taarifa ya shughuli mbele ya mkurugenzi, naye mkurugenzi hufungua. Hilo ni la Kithai na libaki la Kithai. Muulize mkuu wa idara yako nani anasoma taarifa, usijitolee. Pembeni ya jukwaa utakuta meza za sanamu ya Buddha, bendera ya taifa na picha ya mfalme. Usitundike mapambo juu yake, usiweke mti wa Krismasi mbele yake, usiegemeze spika. Pima jukwaa lako kuanzia pale meza hizo zinapoishia.

Watoto watakaa sakafuni. Usiwaruke, pita pembeni ukiinama kidogo, na usinyooshe mguu kuelekeza kitu. Na kichwa, mwanangu, kichwa ni kitu cha heshima kwao. Utakuwa na rundo la kofia nyekundu za kugawa na mikono yako itataka kumvika kila mtoto huku ukimpapasa utosini, kama tunavyofanya kwetu. Mpe kofia mkononi, avae mwenyewe. Kila kikundi kikipanda kitoe wai, viganja viwili vilivyoungana na kichwa kuinama, na kitoe tena kikimaliza. Hilo hutawafundisha wewe, wanalijua tangu kunyonya, ila liingize kwenye mazoezi ili wasilifanye wakikimbia.

Vyombo vya muziki ni habari yenyewe. Watu wa Isan wanapenda sauti kubwa. Spika zinazokodishwa kwa sherehe za kijijini zitakuja zimejaa gari, na fundi wake amezoea karaoke, kwa hiyo kila maikrofoni ina mwangwi. Kwa mwimbaji ni raha. Kwa mtoto anayesema sentensi ya Kiingereza, ule mwangwi unaimeza yote, na watu watasikia mngurumo tu. Nenda kwa fundi mapema, na mwalimu wa Kithai wa kukutafsiria, mkubaliane ishara moja: ukiinua kitambaa anaondoa mwangwi, ukishusha anaurudisha. Mpelekee soda. Nyimbo zote ziwe kwenye flashi mbili zinazofanana, kila faili likianza na namba yake ya ratiba, na usitegemee intaneti ya ukumbini, maana siku hiyo kila mwalimu anarusha picha kwenye kundi la LINE, programu yao ya kutumiana ujumbe. Watoto wafundishe kushika maikrofoni ngumi ikiwa chini ya kidevu. Wakiachiwa, wataishika tumboni.

Washereheshaji chukua wawili, mmoja wa Kithai na mmoja wa Kiingereza, wanafunzi wote. Wasitafsiriane neno kwa neno, inachosha. Wa Kiingereza aseme jina la kikundi na jambo moja la kukisifu, wa Kithai afanye mzaha wake na kuwaelekeza wadogo wakae vizuri. Wa Kithai mchague mchekeshaji. Hapa mkurugenzi anaweza kukukumbusha alichosema kuhusu Kiingereza, nawe mjibu kwa adabu kwamba wazazi nao watakuwapo na wangependa kuelewa watoto wao wanafanya nini. Sijaona mkurugenzi aliyelikataa hilo.

Vyeti usivichukulie kirahisi. Wathai wanapenda cheti chenye saini na nembo ya shule, na mzazi atakitia kwenye fremu. Hapa kuna mtego: watoto wako unawaita kwa majina ya utani, kwa sababu kila Mthai anayo, na pengine hulijui jina kamili la hata mmoja. Kwenye cheti linakwenda jina kamili na la ukoo, na jina lile lile huandikwa kwa herufi zetu kwa namna tatu tofauti. Pata orodha kwa mwalimu wa darasa, mwombe aikague, kisha peleka kwa saini mapema. Bango kubwa la nyuma ya jukwaa vivyo hivyo. Duka la mabango litachapa ulichowapa, na neno la Kiingereza lililokosewa likishachapwa kwa urefu wa mita sita, picha zake zitakaa kwenye ukuta wa ofisi kwa miaka. Usishtuke kuona tarehe: mwaka wao unatangulia wetu kwa 543, hivyo 2026 imeandikwa 2569, na ni sahihi.

Zawadi waachie walimu wa Kithai. Wana mchezo wao wa mwisho wa mwaka wa kuokota vikaratasi na kubadilishana zawadi za bei ndogo, wanaujua vizuri kuliko wewe. Washindi wa kwanza, wa pili na wa tatu mimi sikuwahi kuwataka kwenye shughuli ya namna hii, ila kama shule inataka, wapigiwe kura na chekechea.

Asubuhi za Desemba Isan ni za baridi na kumbi nyingi ni paa tu lisilo na kuta. Wachezaji wa ngoma za asili wana mabega wazi. Kila mmoja aje na koti la kuvaa mpaka zamu yake ifike.

Sasa hizo nguo nyekundu. Walizinunua kwa upendo, na kwao Baba Krismasi ni mzee wa kugawa pipi, hana dini. Wengi wa watoto wako ni wa dini ya Buddha na hawajui kama kuna kanisa nyuma ya hizo ndevu. Kwa hiyo usiende na hotuba ya imani. Pia usimkatalie mkurugenzi usoni, tena mbele ya walimu wengine. Huko watu hulindana nyuso, yaani hakuna anayemwaibisha mwenzake mbele za watu, na jambo gumu hupita kwa mtu wa tatu. Kaa na mkuu wa idara yako, peke yenu, mshukuru kwa nguo, kisha mwambie kwamba wewe kama Mwislamu huwezi kuzivaa, lakini unajua mtu atakayependeza nazo kuliko wewe. Mtaje mwalimu wa michezo. Kila shule ina mwalimu wa michezo mwenye tumbo na kicheko, na amesubiri kuombwa maisha yake yote. Mkuu wa idara atalifikisha juu kwa maneno yake. Wewe siku hiyo vaa vizuri, vaa kitenge, wataipenda hiyo kuliko nguo nyekundu, na usimame pembeni na ratiba yako mkononi. Mratibu anayegawa pipi hawezi kuendesha onyesho.

Wakitaka ueleze Krismasi ni nini, eleza kwa dakika moja: Wakristo wanasherehekea kuzaliwa kwa Yesu, familia zinakutana, watu wanakula na kupeana zawadi. Ongeza kwamba Muheza siku hiyo majirani wa dini zote hupelekeana sahani, maana hilo ni la kwenu na umelishuhudia. Igizo la hori na mamajusi liache, isipokuwa shule ni ya kanisa na wameliomba wenyewe. Mwenzako aliye mikoa ya kusini, Pattani au Yala, ambako wenyeji wengi ni Waislamu, mshauri alifanye onyesho hilo hilo liwe la mwaka mpya, na hakuna kitakachopungua.

Na msichana wako mjibu kesho asubuhi, kabla ya kengele. Mwambie alete karoti.

SWALI: Hujambo Mwalimu? Mimi ni Mkenya, nafundisha katika kituo cha lugha mjini Hai Phong, Vietnam. Tarehe 20 Novemba ni Siku ya Walimu huku na kila kituo kinaandaa burudani. Darasa langu la watoto wa miaka minane litaigiza hadithi ya sungura na simba kwa Kiingereza. Shida ni wazazi. Kila mmoja amelipa karo na kila mmoja anataka mwanawe awe simba. Nimeletewa hadi maembe. Wengine wananiambia niwawekee sauti ya kurekodi, watoto wafuatishe midomo tu, ili wasikosee.
Mwalimu wa Nakuru, Hai Phong

JIBU: Sijambo, mwalimu. Maembe kula, uamuzi usibadilishe.

Simba asiwe mtoto. Simba awe kofia. Tengeneza kofia moja ya manyoya, na kila tukio anaivaa mtoto mwingine: huyu anaamka nayo, yule anamfukuza sungura, wa tatu anatazama kisimani na kuona simba mwenzake. Masikio ya sungura vivyo hivyo. Watazamaji hawapotei hata kidogo, maana wanafuata kofia, na kila mzazi ana picha ya mwanawe akiwa simba. Hata wakiwa kumi na wawili inawezekana, hadithi ina matukio ya kutosha. Wasioivaa kofia wakati huo ni wanyama wa msituni wanaoitikia pamoja sentensi moja ile ile, na hiyo sentensi ndiyo itakayobaki vichwani mwao kuliko maneno mengine yote.

Sauti ya kurekodi kataa. Ikikatika katikati, na huwa inakatika, una watoto kumi na wawili wanaofungua midomo kama samaki mbele ya waliolipa. Badala yake mweke mtoto mmoja mwenye sauti pembeni na karatasi, awe msimulizi, na anayesahau aruhusiwe kumgeukia. Waambie watazamaji tangu mwanzo kwamba msimulizi ni sehemu ya igizo. Na wazazi waandikie sasa hivi, kabla ya mazoezi, nani atavaa kofia tukio gani. Ukichelewa wataandika wao.

SWALI: Assalamu alaykum Bi Mwalimu. Nafundisha Kiingereza Muscat. Kwa ajili ya Siku ya Taifa ya Oman mwezi Novemba tunaandaa asubuhi ya vipaji kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu kadhaa bibi zao walizaliwa Unguja na wanazungumza Kiswahili nyumbani. Natamani Kiswahili kisikike, lakini mkuu wangu atauliza kinahusiana vipi na somo.
Mama Salma, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam, Mama Salma. Kinahusiana moja kwa moja. Mwite bibi mmoja jukwaani, apewe kiti kizuri, mjukuu akae karibu naye. Mjukuu anamuuliza kwa Kiswahili: mlipokuwa Unguja sikukuu mlipika nini, mlicheza michezo gani, mlikuja Muscat kwa chombo gani. Bibi anajibu kwa Kiswahili chake, na mjukuu anawaeleza watu kwa Kiingereza. Hakuna mtihani wa Kiingereza utakaompima mtoto vizuri kuliko huo, maana hakuna karatasi ya kukariri. Anasikia hapo hapo na anasema hapo hapo. Mkuu wako akiuliza, mwambie hivyo.

Maswali yawe manne, si zaidi, na bibi ayajue tangu jana yake ili asishtukizwe. Mazoezi ya majibu yasifanyike, atachoka na atasema mara ya pili kitu kisicho na ladha. Kama ana wimbo mfupi wa kubembelezea watoto, amalizie nao. Maikrofoni ashike mjukuu, bibi asipewe. Nawajua bibi zangu wa Unguja, akishaishika hiyo, kikundi kinachofuata kitapanda jukwaani baada ya sala ya adhuhuri.